Kilemba cha Chumba cha Juu

Kikwajuni, Unguja
28 Januari 1955

Mjomba wangu Usi bin Makungu,

Shikamoo. Nakushika miguu kutoka huku mjini. Na Bi Wanu mkeo umfikishie salamu zake, umwambie muhogo alioniletea umefika salama, ila kapu limebaki kwa Gharib, dereva wa gari la Chwaka. Yeye anasema amelisahau kwake, mimi nasema amelipenda.

Mjomba, najua utakuwa umesikia kwamba eda yangu imekwisha. Imekwisha kweli. Bakar amebaki na chumba chetu, amebaki na kitanda, na mke mpya amemtia ndani kabla godoro halijapoa. Mimi nimetoka na sanduku langu, sindano zangu na kofia tatu ambazo sijazimaliza. Kwa sasa nalala kwa shoga yangu Kazija hapa Kikwajuni. Kazija mwenyewe hana neno, lakini mumewe hukohoa kila ninapoingia, na kifua hana. Chumba chenyewe hakina dirisha. Kofia ni kazi ya macho, mjomba. Ukishonea gizani vitobo vinakwenda kombo, na mteja akiivaa anaonekana kama aliyeamka sasa hivi.

Kwa hiyo natafuta chumba. Mwezi huu wote nimetafuta kuliko nilivyoshona.

Malindi nilikiona kizuri. Mwenyewe akaangalia nyuma yangu kama anayemngoja mtu mwingine atokee, akaniuliza, "Mumeo yu wapi?" Nikamwambia sina. Akasema, "Basi na mimi chumba sina." Na mlango wa hicho chumba uko wazi, nakiona kwa macho yangu! Sokomuhogo mwenye nyumba ni mwanamke, nikashukuru Mungu, nikadhani huyu atanielewa. Akaniuliza mimi mjane au mtalaka. Nikamjibu. Akasema, "Mjane n'ngempa. Mjane mumewe kachukuliwa na Mungu. Wewe wako kakurejesha kwa miguu yake." Nikamwambia, "Hakunirejesha, bibi. Mie si sufuria ya kuazima." Akanifungia. Vuga nilioneshwa chumba ambacho ukitaka kukiingia lazima upite katikati ya chumba cha mwenyewe, naye ni mwanamume hana mke. Hicho sikukiuliza hata kodi yake. Na Shangani hawakuniacha nikanyage ngazi. Msimamizi wa nyumba alinitazama kanga zangu akaniambia, "Watu wa shamba Ng'ambo inawatosha."

Haya. Nakwambia kweli yangu: nilipoanza kutafuta nilitaka chumba chochote chenye dirisha, hata huku Ng'ambo kwenye nyumba za udongo. Tangu aniambie neno lile, nataka mjini hasa, kwenye nyumba za mawe, ghorofani, madirisha mawili na mlango ambao komeo lake naliendesha mimi. Sitoki katika hilo. Na Chwaka sirudi, mjomba. Nalisema mapema ili usije ukanitumia mtu.

Mpwa wako,
Mwatum binti Silima


Chwaka
Mwezi 10 Mfunguo Tisa

Mwatum binti Silima,

Marahaba. Barua yako imefika, kapu halijafika.

Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kimya, na mara ya pili kwa sauti ili Bi Wanu asikie. Yeye alicheka pale pa sufuria. Mimi sikucheka.

Mwanangu, unatafuta nini huko? Mwanamke ana nyumba tatu duniani: ya babake, ya mumewe na ya mjomba wake. Ya babako imekwishaanguka, Mungu amrehemu Silima. Ya mumeo imekufungia mlango. Imebaki yangu. Wewe unataka ya nne, ambayo haijapata kujengwa. Tangu lini mtu akaenda kupiga hodi kwa mwanamke? Atapiga hodi kwa nani? Na nani atakayeitikia?

Nakukumbusha ada yetu maana naona mji umekusahaulisha. Bakar alipokuoa, kilemba nilipewa mimi. Unakijua, kile cheupe chenye mshono wa hariri pembeni. Nakivaa kila Idi na kila penye harusi. Lakini si pambo lile. Mjomba anayepokea kilemba cha binti ndiye anayebeba mambo yake. Binti akidhulumiwa, anasimama yeye. Akiachwa, anampokea yeye, na mlango wake haufungwi kwa binti huyo mpaka mmoja wao aingie kaburini. Mimi nilikipokea, nimekivaa, basi njoo. Chumba cha uani kimekwishapakwa chokaa.

Tena yupo Simai. Ana minazi, ana ng'ombe wawili, na mkewe alifariki mwaka jana. Ameniuliza habari zako kwa adabu kabisa, na kilemba amekwishakitaja kabla sijamuuliza.

Mwacha asili ni mtumwa, Mwatum. Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mjomba wako,
Usi bin Makungu


Kikwajuni
8 Februari 1955

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika mbio, gari li karibu kuondoka na Gharib anapiga honi utadhani anapeleka bibi arusi.

Nimepata!

Ni kwa Mzee Mabrouk wa Kiponda. Mtu mzima, kanzu safi, meno yamebaki machache lakini maneno yake ya kiungwana. Mwanzo alitaka kunikataa kama wenzake. Mimi nikakaa barazani pake nikashona kofia mpaka adhana ya adhuhuri. Kesho yake nikarudi nikakaa tena, na kesho kutwa vilevile. Mwishowe akatoka akasema, "Wewe huna mume, na mimi nshachoka kubishana. Haya, njoo ndani." Tukakubaliana siku ileile. Alitaka kilemba kwanza, ndiyo desturi ya huku, nami nimemtolea mwenyewe kwa jasho langu, sikumwomba mtu. Amekipokea kwa mikono miwili.

Yeye na mkewe Bi Khamisa wanakaa chini. Mimi amenipa juu. Madirisha mawili, mjomba, na moja linaelekea kibla! Bi Khamisa ameridhia, ila ameniambia nisimwage maji ovyo. Ijumaa baada ya sala naingia kwake, inshallah.

Simai msalimie sana, mwambie amechelewa. Na guu langu liko zima, tena linapanda ngazi.

Niombee dua. Furaha niliyonayo leo sikuwa nayo hata siku nilipoolewa na Bakar.

Mpwa wako,
Mwatum


Chwaka
Mwezi 17 Mfunguo Tisa

Mwatum,

Salamu baadaye.

Amechelewa! Simai amechelewa! Bi Wanu ameketi chini tangu alasiri hajasema neno, na mke huyu toka nimuoe sijapata kumsikia kanyamaza.

Kilemba umetoa wewe? Wewe kwa mkono wako? Mwanamke amejiposa mwenyewe, amejitolea kilemba mwenyewe, na mume anakipokea kwa mikono miwili kama sadaka ya Ijumaa! Kilemba hutoka kwa mume kikaja kwa mjomba, Mwatum. Hakijapata kutoka kwa mke kikaenda kwa mume, tangu kuumbwa kwa vichwa. Na nani aliyekuozesha? Walii wako nani, paka wa Kiponda?

Na mtu mwenyewe hana meno. Tena umekwenda kwenye ukewenza, na bi mkubwa anakupa amri za maji hata mguu hujautia ndani. Na wewe unaniandikia furaha. Bakar alikuwa na makosa yake, lakini alikuwa akitafuna.

Wewe ni mtu mzima, hilo silikatai. Ninachokikataa ni kupitwa kama jiwe la njiani. Huyo Mabrouk nimemwandikia, na Gharib atampa barua mkononi.

Mjomba wako, kama bado ninaye mpwa,
Usi bin Makungu


Chwaka
Mwezi 17 Mfunguo Tisa

Kwa Bwana Mabrouk, Kiponda,

Assalamu alaykum.

Mimi ni Usi bin Makungu wa Chwaka, mjomba wa Mwatum binti Silima. Nimepata habari kwamba umemchukua mpwa wangu ukamweka juu, na mkeo mkubwa ukamweka chini. Mambo ya nyumba yako ni yako. Lakini umepokea kilemba ambacho si chako. Kilemba cha binti ni cha mjomba wake, na mjomba wake ni mimi.

Kilete. Na ukilete wewe mwenyewe, ukae mkekani na wazee wa hapa, uulizwe anayopaswa kuulizwa mwanamume aliyeoa kimya kimya kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani.

Binti huyu ana watu. Usidhani umemwokota.

Usi bin Makungu


Kiponda, Mjini
14 Februari 1955

Kwa Bwana Usi bin Makungu, Chwaka,

Wa alaykumu ssalamu.

Macho yangu siku hizi hayaoni maandishi, kwa hiyo barua zangu hunisomea mke wangu. Na yako amenisomea yeye. Alipofika pale pa "ukamweka juu" alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaendelea mpaka mwisho. Kisha alinitupia mswala wangu uani. Tangu jana nakula kwa jirani, naye ndiye anayeniandikia hii.

Bwana, mimi sikuoa. Nina mke mmoja, ananitosha na kunizidi. Kilemba kwa maneno yetu ya mjini ni fedha anazotoa mpangaji mwanzo ili akabidhiwe ufunguo, mbali na kodi ya mwezi. Hakivaliwi kichwani wala hakina mjomba. Mpwa wako amepanga chumba, Bwana Usi. Amepanga tu, kama watu wanavyopanga.

Hata hivyo mimi sitaki maneno. Nilijua nakosea kumpa chumba mwanamke asiye na mume, nami nikakosea kwa sababu alinichosha. Ugomvi wetu mtaa mzima umeusikia, na sasa kila nikipita uchochoroni watu wananipa mkono wa heri. Yupo karani mmoja wa bandarini, ana mke na watoto, ametaja kilemba kikubwa kuliko cha mpwa wako, na hajaniambia kama ana mjomba. Nimemwahidi yeye. Mwatum atoke mwezi ukiandama. Chake nitamrudishia chote.

Mabrouk


Kiponda
15 Februari 1955

Mjomba,

Shikamoo, nayo naitoa kwa kuwa ni wajibu.

Nataka ujue kwanza ulichokivunja. Ijumaa niliingia. Nikapandisha sanduku langu, nikafagia, nikafungua madirisha yote mawili, kisha nikaufunga mlango kwa ndani nikakaa sakafuni nikalia. Nililia kwa raha, mjomba. Toka nizaliwe sikupata kufunga mlango nikajua hakuna mwenye haki ya kuufungua ila mimi. Kwa baba aliingia kila mtu. Kwa Bakar aliingia Bakar, na ndugu zake, na mwisho yule mwanamke. Kwa Kazija kulikuwa na kile kikohozi. Jumamosi nikaweka mkeka chini ya dirisha la kibla nikashona mpaka jua likatua, na sikukosea kitobo hata kimoja.

Jumapili barua yako ikafika.

Sasa wananiita bi mdogo. Mtaa mzima! Muuza kahawa ananiuliza bwana harusi hajambo. Mzee Mabrouk amepanda mpaka mlangoni kwangu kunirudishia kilemba changu, nimekataa kukishika. Amekiweka kwenye ngazi, kimefungwa kwenye leso, kipo palepale na sote tunakiruka. Amesema nitoke mwezi ukiandama. Nimemwambia sitoki.

Mimi sikuandika kwamba nimeolewa. Niliandika nimepata. Tangu barua ya kwanza nakueleza habari za chumba, wewe unasoma habari za mume, maana kwako mwanamke akipata kitu basi kitu hicho lazima kiwe mwanamume. Uliona neno kilemba, ukaona kichwa chako tu. Ungeniuliza! Siku mbili tu za kwenda na kurudi gari, ungeniuliza.

Bi Khamisa alikuwa hasemi na mimi. Jana nimeshuka nikamwambia, "Bi Khamisa, mie mume n'shakuwa naye, nikamjua. Wako simtaki hata n'kiongezewa ng'ombe." Aliendelea kupepeta mchele wake. Lakini jioni nilikuta ndoo yangu imejazwa maji.

Najua utaniandikia kwamba chumba cha uani kimepakwa chokaa. Siji. Wakinitoa huku juu nitakaa barazani, palepale nilipokaa mwanzo, nishone. Karani apite na mkewe na watoto wake wote waniruke kama wanavyokiruka kile cha ngazini.

Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba mjomba aliyepokea kilemba husimama binti akidhulumiwa. Basi mimi nimedhulumiwa, na aliyeanza ni wewe. Simama. Sitaki uje kunichukua, mjomba. Nataka usimame na mimi hapa nilipo.

Mwatum binti Silima


Chwaka
Mwezi 24 Mfunguo Tisa

Mwanangu Mwatum,

Imefika. Safari hii Bi Wanu ndiye aliyeisoma kwa sauti, na mimi ndiye niliyekaa chini. Alipomaliza aliikunja akaniwekea magotini, akaenda zake jikoni. Chakula cha usiku kilikuwa hakina chumvi, nikala chote.

Kilemba kisichovaliwa mimi sikijui. Mjini mna maneno mengi kuliko vitu. Lakini dhuluma naijua hata ikiandikwa kwa maneno gani, na sitaki iwe na mkono wangu ndani yake.

Simai nimemwambia aangalie kwingine. Amenuna kidogo. Ng'ombe hawajambo.

Usitoke. Na usikishike hicho alichokiweka ngazini. Kesho Gharib atakuja na kifurushi cha kumpa Bwana Mabrouk pamoja na barua. Mwambie Gharib akifungue barazani wakati watu wamekaa, asikipeleke ndani. Na kapu la Bi Wanu alirudishe.

Mjomba wako,
Usi


Chwaka
Mwezi 24 Mfunguo Tisa

Kwa Bwana Mabrouk, Kiponda,

Assalamu alaykum.

Kwanza namwomba radhi Bi Khamisa, ambaye ndiye anayekusomea barua hii. Nilimtia uchungu kwa jambo ambalo halikuwapo, na uchungu haujui kwamba umekosea nyumba.

Sasa wewe. Umeniandikia kwamba kilemba chenu hakivaliwi wala hakina mjomba. Mimi ni mtu wa shamba, najua kilemba kimoja tu, nacho ndicho kilichomo katika kifurushi hiki. Nilipewa mpwa wangu alipoolewa. Nimekwenda nacho kwenye Idi, kwenye harusi za watu na kwenye maziko yao. Umesema karani amekutajia kikubwa zaidi. Mwambie akilete, vipimwe.

Nakikabidhi kwako leo, na wazee wa hapa wamekiona kikikunjwa. Kwetu sisi, apokeaye kilemba cha binti ndiye mjomba wake. Sikudanganyi, ni mzigo, na mpwa huyu si mwepesi. Ukikipokea, Mwatum ni mpwa wako, na mjomba hamtoi mpwawe nje ili amwingize karani. Kodi yako utaipata kila mwezi. Hataki cha bure, namjua.

Ukikikataa, kikatae hapohapo barazani, waliokaa wakuone. Kisha na mimi nitakuja. Nitakaa barazani pako ubavuni mwa Mwatum, kichwa wazi, na kila atakayeniuliza kilemba changu kiko wapi nitamwambia akamuulize Bwana Mabrouk. Mimi ni mzee, shamba langu linajiotea lenyewe, sina haraka ya kurudi.

Nilikuandikia kwamba binti huyu ana watu. Mengine yote niliyoandika siku ile nayafuta. Hilo silifuti.

Usi bin Makungu


Kiponda
21 Februari 1955

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Hii naitoa kwa moyo wote, ipokee.

Gharib alikuja baada ya alasiri. Wazee wa mtaa wamejaa barazani na kahawa zao, na mimi niko juu dirishani. Akakifungua kifurushi mbele yao. Kilipotoka kile kitambaa cheupe, mjomba, hata muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. Bi Khamisa akatoka mpaka mlangoni na buibui lake, akavaa miwani, akasoma barua yako kwa sauti, neno kwa neno. Alipofika pa kuombwa radhi alisimama. Akarudi mwanzo akapasoma tena, polepole, kila mtu asikie.

Mzee Mabrouk akasema, "Mie mtu wa mjini, mambo haya siyajui." Mzee mmoja pembeni akamjibu, "Wewe huyajui, lakini yenyewe yashakujua." Wakacheka. Akasema chumba ameshamwahidi karani. Bi Khamisa akamwambia, "Umemwahidi wewe. Basi maji utampandishia wewe." Kisha akakichukua kilemba chako akamfunga mumewe kichwani palepale, akamfunga vibaya, kimekwenda upande. Mzee Mabrouk alikaa tu. Nadhani alikumbuka chakula cha jirani.

Hapo nikatoa kichwa dirishani nikamwambia, "Shikamoo, mjomba!"

Watu wote wakamwangalia yeye.  Shikamoo haiachwi ikaanguka chini, mjomba, mtu mzima hawezi. Akasema, "Marahaba." Wazee wakapiga makofi na muuza kahawa akamimina kwa wote bila kuulizwa.

Magharibi alipanda ngazi akakiokota kile cha kwenye leso, akateremka nacho. Karani amepelekewa habari atafute kwingine. Ameniambia kodi haipungui kwa sababu ya ujomba. Nikamwambia sikuomba ipungue. Na jana ameingia msikitini na kilemba chako, safari hii amekifunga vizuri, na ameanza kuwaambia watu kwamba ana mpwa wake juu anashona kofia. Wateja wawili wamekuja kwa neno lake.

Sitakuficha, barua yako ya kwanza kwake bado inaniuma. Nikipita mtaani bado wapo wanaoniita bi mdogo, na nitakaa nao hivyohivyo mpaka wachoke wao. Lakini kichwa chako sasa kiko wazi, na mimi ndiyo sababu. Nimempa Gharib kofia akuletee. Ndiyo ya kwanza niliyoimaliza chini ya dirisha la kibla. Itazame vitobo vyake kwenye mwanga, kisha uniambie kama kuna kilichokwenda kombo.

Na chumba cha uani mwambie Bi Wanu akifugie kuku.

Mpwa wako,
Mwatum


Chwaka
Mwezi 3 Rajabu

Mwanangu Mwatum,

Marahaba, marahaba tena.

Kofia imenikaa. Nimeitazama juani, vitobo vyote vimenyooka. Msikitini wameniuliza kilemba kiko wapi, nikawaambia kiko kazini. Kuku wamekwishaingia uani na Bi Wanu anasema chokaa imewapendeza.

Kapu limerudi. Bi Wanu amelijaza tena, na safari hii halipandi gari bila mimi. Jumatano nakuja mjini. Usije kunipokea garini, Kiponda nitauliza mwenyewe. Nitamwamkia Bwana Mabrouk barazani, nimwombe radhi Bi Khamisa uso kwa uso, kisha nitapanda ngazi.

Nilikuuliza nani atakayeitikia. Nikifika juu nitasimama nje ya mlango wako na kapu langu, na nitapiga hodi. Usikimbilie kufungua kwa kuwa ni mimi. Niache nisimame kama mgeni yeyote anavyosimama, mpaka mwenye nyumba atakaponikaribisha.

Mjomba wako,
Usi bin Makungu